Kioo cha Pikipiki

Ni saba.
Nimezihesabu kwa ncha ya kidole, gizani,
kabla jua halijaugusa Mlimwa.
Tano kidevuni, moja chini ya taya,
na yule mkorofi wa kushoto, mgumu kama mwiba wa mgunga,
anayerudi kila Ijumaa kama mdai.

Kwa lugha yetu laika wakiwa wengi ni malaika:
yale mepesi ya mkononi, yanayosimama
upepo wa Julai ukivuma kutoka Chimwaga.
Haya ya kidevuni sijui aliyatuma nani.
Nina miaka arobaini na sita, napima zabibu Hombolo,
watu hunikazia macho usoni wakiogopa mizani,
na Jumanne mtoto wa mteja alinyoosha mkono,
akanigusa, akauliza:
"Bibi, umekula katani?"

Bibi yangu wa Mvumi alitumia jivu.
Jivu la kuni, vidole viwili, na kimya,
huku chungu cha mlenda kikitokota.
Mimi napikia gesi. Jivu nitalitoa wapi?

Yudita fundi cherehani alinijia na uzi,
ncha moja menoni, nyingine vidoleni,
akaupinda, akaupitisha juu ya mdomo, trrr,
nikaona nyota za mchana, nikaona na za jana yake.
Safi, nakiri.
Ila Yudita akishautoa uzi menoni
huanza kuwataja wote aliowapitia wiki ile,
nami nikajua Ipagala nzima kesho wataniimba.

Sukari na ndimu: nilichemsha nusu kilo, kwa bei hii!
Ikawa kashata. Tukaila.

Krimu ya Majengo, elfu nane, inanuka yai viza.
Nikapaka tone ndani ya kiwiko kwanza, nikangoja.
Pakawasha hadi alfajiri.
Kopo liko juu ya kabati, mende wanalipisha njia.

Na wembe? Kila mtu ana neno juu ya wembe.
Eti ukinyoa zinarudi nene, eti utafuga kama beberu.
Dada wa duka la dawa pale Makole alicheka:
"Hazinenepi, mama. Umekata mti, umeacha kisiki."
Nikamwamini. Lakini kisiki ni kisiki;
jioni nikipitisha kiganja
nasikia shamba la mtama lililokwisha kuvunwa.

Basi imebaki koleo ndogo ya elfu mbili.
Na kioo.
Cha chumbani ni muungwana mno, hakisemi kitu.
Cha kweli kiko uani, kwenye pikipiki ya Ndahani,
upande wa kulia (cha kushoto kilivunjikia Msalato).
Nakaa juu ya kiti kama abiria asiye na safari,
jua linaingia kwa ubavu,
nabana kwenye shina, navuta kufuata zinakolalia.
Moja. Jicho la kushoto linatoa chozi, chozi lisilo na msiba.
Mbili.

Ndahani anatoka na mswaki mdomoni.
Miaka kumi na tisa, kidevu kitupu kama sahani;
najua kila usiku anakipaka mafuta ya nyonyo, na anaomba.
Ananitazama. Mimi natazama tairi.
Angeweza kucheka.
"Walikosea anwani, mama," anasema,
kisha anakizungusha kioo, kidogo, taratibu,
jua lipate taya.

Tunafika sita. Simu yake inalia,
abiria wa Nanenane, hana subira.
Nashuka, najipangusa kwa maji ya ndoo,
utomvu wa mshubiri unauma halafu unapoa.
Ndahani anawasha, anaondoka na kioo changu,
na ndani yake, nadhani, yule mkorofi wa kushoto
ananipungia mkono hadi kona ya lami.

Haya, abaki.
Ijumaa hii hatakuwa na haja ya kurudi.